Namba Iliyotupwa

Fomu ya mtandaoni ya kuomba kazi ya kushona sare za hospitali ilikuwa inafungwa saa sita mchana. Saa tano imeshapita, na Dada bado yuko ukurasa wa kwanza. Wiki nzima mambo yalikuwa hayo hayo: kompyuta kuukuu ya mumewe ikichemka inajizima, akiiwasha fomu imesahau kila kitu, eti "Karibu, mgeni."

"Mgeni nani, na leo ni mara ya tisa!" alifoka, futi ya kupimia ikimning'inia shingoni. Akamwita mdogo wake, fundi viatu wa kibanda cha mlangoni, wanayemwita Kisigino.

Mumewe akacheka. "Huyu aliyekimbia shule darasa la sita? Kompyuta si soli, shemeji."

Kisigino akainama kwenye mipangilio, akakuta tiki: futa vidakuzi kila unapofunga.

"Nani kaweka hii?"

"Mimi. Vidakuzi, hizo "cookies" za mtandaoni, vinapeleleza watu."

"Vya watangazaji, sawa, vinaganda kama kupe. Lakini shemeji umechoma nyumba kumfukuza panya! Dada, mimi nazikumbuka sura za wateja?"

"Wewe? Hata yangu unaisahau."

"Basi. Kiatu nakibandika namba, mteja anaondoka na kikaratasi cha namba hiyohiyo. Akirudi nacho, nampa kiatu chake. Tovuti nayo haikujui. Inaipa kompyuta yako kikaratasi, ndiyo kidakuzi hicho, na ulichoandika kinakaa kwao, kwenye rafu. Sasa mumeo kila siku anakitupa, halafu wewe unadai kiatu!"

Akaondoa tiki, akazuia vya watangazaji tu. Dada akaandika mbio mbio. Ukurasa wa nane, zimebaki dakika kumi na mbili, kompyuta ikazima. Pu!

Dada akashika kichwa. Mumewe akakohoa kile kikohozi cha "nilisema mimi". Kisigino akaiwasha tena. Maneno kashayamwaga, na ya kumwagika hayazoleki.

Ikawaka polepole, kama mzee anayetafuta miwani. Fomu ikafunguka: "Karibu tena. Endelea ukurasa wa nane."

Kigelegele alichopiga Dada kiliwatoa majirani nje! Zikiwa zimebaki dakika mbili akabonyeza "tuma". Jibu likaja: "Tumepokea."

Akaivua futi, akamvisha Kisigino shingoni kama nishani. "Haya, mwenye vyeti," akamwambia mumewe, "msogezee profesa kiti."

Kiti kikasogezwa. Kisigino akakaa, akanyoosha miguu.

"Na viatu vyako vilivyoachama vilete, shemeji. Ila kikaratasi usitupe."