Nyumba Aliyoichora Adrian

Kompyuta ya mwanangu Adrian ililetwa kwetu Karatu pamoja na nguo zake, wiki moja baada ya kumzika. Lori la vitunguu lililompa lifti kutoka Mang'ola lilipinduka, na simu yake haikuonekana tena. Ndani ya kompyuta hiyo mlikuwa na nyumba. Alikuwa ametuchorea sisi, mimi na mama yake, na mama yake alishaonyeshwa mara moja, siku za Krismasi, wakati mimi niko karakana nagombana na mteja. Tangu msiba, mke wangu Ester alikuwa akiniomba jambo moja tu: aione tena ile nyumba.

Angela, binti aliyesoma na Adrian chuo cha ufundi, ana duka la steshenari karibu na stendi. Alisema angeweza kuifungua dakika hiyo hiyo. Nikakataa. Mimi ni seremala mwaka wa thelathini na nne huu, na mkono wa kwanza kuigusa kazi ya mwanangu nilitaka uwe wangu. Nikamwambia anifundishe kwanza hiyo programu ya kuchorea.

"Haya baba, ng'ombe hazeeki maini," alinitania, akanivutia kiti.

Nilianza vibaya. Siku ya kwanza nilichora kitanda, nikaandika sita kwa nne kama ninavyowaandikia vijana wangu wa kazi, na kitanda kikapotea. Angela akatafuta, akatafuta, tukakikuta kidogo kuliko punje ya mtama.

"Umekipa milimita, baba. Humu hamna futi mpaka useme futi."

Nilikasirika. Nikamuuliza ni mtu gani anayelala kwenye milimita sita. Lakini kufikia siku ya nne nilijua kuchora mstatili na kuuvuta juu mpaka ukawa sanduku, kukizungusha kitu nikaona mgongo wake bila kunyanyuka kitini, na kufuta nilipokosea. Nilijua na kuhifadhi, maana umeme wa kwetu hukatika bila kuaga. Angela alinifokea mpaka kidole kikawa kinakwenda chenyewe.

Ijumaa tukafungua faili la Adrian. Nililia pale pale dukani na sikuona aibu. Mashine ilikuwa nzito, nyumba ikajileta taratibu, ikionekana kwa juu: bati lote, kona kwa kona, limekaa sawasawa. Mteja wa kutoa kopi akamwita Angela. Nikabaki nayo peke yangu.

Mbele ya mlango niliona takataka. Viduara vitatu, vijiti, vibao vidogo vimezagaa, jinsi yule mtoto alivyozoea kuacha maranda tangu akiwa mdogo. Bruda wa misheni aliyenifunza useremala alituambia kazi haijaisha mpaka sakafu ifagiliwe, na mimi sijawahi kufunga karakana bila kufagia. Nikaona mwanangu ameondoka kabla hajafagia. Basi nikamfagilia. Nilifuta kipande kimoja kimoja, kwa upendo kabisa, nikahifadhi, nikafunga.

Jioni nilimkalisha Ester mezani, nikaifungua mwenyewe, nikaizungusha polepole kama mtu aliyezaliwa na kipanya mkononi. Nilijisikia fahari, niseme ukweli. Akatazama madirisha, jiko, baraza. Halafu akasogeza uso karibu na kioo.

"Baba Adrian, sisi tuko wapi?"

"Sisi nani?"

"Si alituweka hapa mlangoni? Wewe na kofia yako, mimi huku, yeye katikati, tumekaa kwenye vigoda. Akaniambia, mama, msije mkasema nilijenga nikawasahau."

Nikabonyeza kile kitufe cha kurudi nyuma, hakikurudisha kitu. Nikampigia Angela. Akasema nilishahifadhi nikafunga, na nakala nyingine hakuna. "Pole, baba," akasema. Majuto ni mjukuu, wanasema watu. Mimi hata mjukuu sina.

Ningeweza kuisingizia mashine. Nikamwambia Ester kwamba ni mimi, nimewaona wadogo kwa juu, nikadhani ni uchafu, nikafagia. Nilingoja anitukane. Nilitaka sana anitukane. Alijifuta uso kwa upindo wa khanga, akaweka kidole kwenye kioo, mbele ya mlango.

"Alikuwa hapa. Mrudishe."

"Mama Adrian, mimi najua kuchora sanduku tu."

"Chora hilo."

Nikachora mraba mdogo pale kidole chake kilipokuwa, nikauvuta juu.

"Adrian ni mrefu kuliko hivyo," alisema.

Nikavuta.

"Zaidi."

Nikavuta tena. Sanduku likapita kizingiti cha juu cha mlango, likapita bati, likatokea juu kabisa ya kioo, na Ester hakusema basi.