Plagi ya Tatu na ya Nne

Saa nne asubuhi fundi wa jenereta ya hospitali alizifungua plagi nne za kupasha moto, akazipanga juu ya gunia safi. Hizo ndizo zinazoipasha injini ya dizeli kabla haijawaka. Zikigoma, nayo inagoma. Desturi yake ilikuwa kupima ya kwanza tu. Zilifungwa siku moja, ni mapacha, sasa kuna haja gani ya kuwasumbua mapacha wote? Akishaona moja imewaka, huandika kwenye kadi: zote nzima. Miaka sita hivyo, kwa moyo mweupe kabisa.

Leo alipima zote, kwa sababu anayepasuliwa saa tano ni binti yake, na mtoto amekwama tumboni.

Alibana waya mmoja wa betri ubavuni mwa plagi, wa pili akaugusisha kichwani. Ya kwanza ikawa nyekundu kabla hajahesabu tano. Ya pili vilevile. Ya tatu ilibaki nyeusi, na mama mmoja mtu mzima akaingia na gauni la wodini, miguu mitupu, akaketi kwenye benchi. Fundi alimjua. Alifariki mwezi wa tatu, umeme ulipokatika na jenereta ikakataa kuwaka kwa dakika ishirini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Endelea na kazi."

Akaendelea, afanyeje? Ya nne nayo haikuwaka. Akaingia baba mmoja mrefu, mrija wa dripu bado umo mkononi, akaomba radhi kwa kumkingia mwanga, akaketi. Huyu alikuwa wa siku hiyohiyo, kitanda cha pili. Fundi aliogopa. Stoo hapakuwa na plagi ya akiba hata moja. Haziagizwi mpaka kadi iseme kuna mbovu, na kadi zote, kwa mwandiko wake mwenyewe mzuri, zilisema nzima.

Muuguzi akaja kufuata kadi. Akawasalimia wageni, akamhimiza yule baba aushike mrija wake usiburute chini.

"Kadi, fundi. Bila kadi hawafungui chumba cha upasuaji."

"Nikiandika mbili zimekufa?"

"Wanaahirisha mpaka wiki ijayo. Na binti yako hafiki jioni."

"Na umeme je?"

"Si upo? Taa hiyo hapo inawaka."

Fundi aliwatazama wale wawili. Hakuna aliyemlaumu, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Akaandika: zote nzima. Muuguzi akashukuru, akaondoka nayo mbiombio. Fundi akazirudisha plagi, nzima na mbovu pamoja, akazikaza moja moja huku akijiambia kwamba siku nyingine injini huwaka hata kwa mbili.

Saa tano na robo taa ikazimika. Fundi akageuza ufunguo. Injini ikakoroma, ikakohoa, ikanyamaza. Akageuza tena.

"Sogea kidogo," mama akamwambia mwenzake.

Baba akasogea.

"Bado, sogea tena," mama akasema. "Wanakuja wawili."