Dua Iliyotoa Siri

Mahfoudha alisoma dua mlangoni kabla ya kushika kitasa. Alikuwa na miaka arubaini na miwili, mkubwa kuliko wote katika darasa la jioni la uuguzi pale mtaa wa Khuwair, na mtihani huu wa maadili alishaanguka mara moja. Akianguka tena, jina lake linafutwa.

Ndani, chumba kilipangwa kama wodi. Kitandani kalala Bi Mwanamize, muuguzi mstaafu, akiigiza mgonjwa. Kando yake Aflah, mwanafunzi mwenzake Mahfoudha, akiigiza mwana wa mgonjwa. Mwalimu Sayyida kakaa pembeni na kalamu yake. Kisa walikijua: vipimo vimeonesha saratani, daktari hajamwambia mgonjwa, na mwana hataki mama ajue.

"Sista," Aflah alinong'ona, "mama asijue kitu. Hataweza."

"Mnanong'onezana nini, mnaniozesha?" Bi Mwanamize aliuliza, kisha akamgeukia Mahfoudha. "Mwanangu, majibu yangu yametoka?"

Mahfoudha alimshika mkono ampime mapigo. Ulimi ulikimbilia ulikozoea kukimbilia, kwenye dua.

"Mungu akupe subra, mama."

Kalamu ya mwalimu ilisimama.

"Subra?" Bi Mwanamize aliinuka akakaa kitako. "Mgonjwa huombewa shifaa, apone. Subra huombewa mfiwa. Kafa nani? Au ndo mimi?"

"Kateleza ulimi tu," Aflah aliwahi. "Sista, mwambie!"

Mlango wa kutokea ulikuwa huo. Angeitikia tu, mambo yangetulia. Mahfoudha alivuta kiti, akaketi.

"Uwongo sikwambii, mama. Majibu nimeyaona, ila wa kukueleza ni daktari. Unataka kuyajua?"

"Nnataka. Mwili si wangu?"

"Basi naagiza aitwe sasa hivi. Siondoki hapa mpaka afike."

"Nilikuomba nini mimi!" Aflah aling'aka.

"Uliniomba nimfiche, na yeye kaniuliza. Njoo kaa huku, umshike mkono wa pili."

"Inatosha," alisema Mwalimu Sayyida. Aliandika daftarini. "Siri umeitoa kwa dua, Mahfoudha. Alama hizo zimekwenda. Lakini ulipopewa nafasi ya kulifunika kosa, hukulifunika." Akafunga daftari. "Umepita. Kwa alama mbili."

Mahfoudha alitaka kusimama. Bi Mwanamize alikuwa bado hajamwachia mkono.

"Haya, mwanangu, sasa niombee ile ya shifaa," alisema. "Goti langu linauma kweli, hilo si maigizo."