Vanishi ya Mzee Damiano

Mwezi wa pili Mikumi joto huwa la kumtosha kila mtu na likabaki. Madereva wa malori hulala chini ya magari yao, na kuku hushinda midomo wazi. Ni katika mwezi huo Mzee Damiano, mstaafu wa ofisi moja kubwa Dar es Salaam, alipoletewa joto jingine kwa lori.

Lilikuja kwenye makasha manne. Fundi aliliunganisha katika chumba kilicho pembeni ya sebule, likawa kijumba cha mbao nyeupe, ukubwa wa kabati la nguo, chenye benchi, mlango wa kioo na vibao vyeusi ukutani. Ilikuwa sauna ya infraredi. Haina mawe wala mvuke. Unawasha umeme, vibao vinakupiga joto moja kwa moja mwilini, unakaa unatoka jasho. Damiano alimweleza hivyo kila aliyepita, hata mchungaji aliyekuja kumwombea Letisia, mke wake, aliyekuwa akisumbuliwa na magoti.

"Inatoa sumu mwilini," alisema.

"Sumu gani, baba Happiness?" Letisia akauliza.

"Za kazini. Miaka thelathini na mbili, unafikiri mchezo?"

Kusafisha kukamwangukia Costancia, mwanamke wa makamo kutoka Zombo, aliyekuja kufanya usafi siku tatu kwa wiki. Alikuwa ameshafanya kazi miaka tisa kwenye gesti za barabarani, na uchafu wa binadamu haukumtisha tena. Hata hivyo, alipofungua mlango ule wa kioo kwa mara ya kwanza, wiki mbili baada ya fundi kuondoka, alirudi nyuma hatua moja. Harufu ilikuwa ya ngozi ya mbuzi iliyosahauliwa kwenye mvua. Juu ya benchi kulikuwa na madoa mawili ya kahawia, mviringo, yamekaa sambamba. Hakuhitaji kuuliza ni ya nini.

Kijitabu cha maelekezo kilikuwa juu ya friji, mahali ambapo wageni wangekiona. Kiliandikwa kwa Kiingereza. Costancia alikuwa amemaliza kidato cha nne shule ya misheni, na Kiingereza kilikuwa somo aliloongoza darasani, ila katika nyumba ile hakuna aliyewahi kumuuliza. Akakisoma chote amesimama, fagio kwapani.

Damiano aliporudi kutoka matembezini, akamwambia, "Baba, samahani. Kitabu kinasema mtu atandike taulo kabla ya kukaa. Akimaliza, afute jasho kwa kitambaa chenye unyevu, halafu aache mlango wazi mpaka mbao zikauke. Baba unakaa bila taulo, ukitoka unafunga."

Damiano alimtazama kama mtu aliyesemeshwa na kiti.

"Kitabu hicho umesomewa na nani?"

"Nimesoma mwenyewe."

"Costancia, mimi nimeongoza idara. Kufuta ni kazi yako. Jasho ni kazi yangu."

Mambo yangeendelea hivyo kama asingepiga simu Mwinshehe wa Magomeni, kule Kilosa mjini. Yeye na Damiano walistaafu siku moja. Mwinshehe alitumia kiinua mgongo chake kuchimba kisima, mtaa mzima ukawa unachota maji na kumwombea dua, na jambo hilo lilimkera Damiano kuliko alivyoweza kukiri. Sasa Mwinshehe alikuwa anakuja Jumamosi kuiona hiyo sauna iliyosifiwa mno kwenye simu.

Alhamisi Damiano alirudi na kopo la vanishi na brashi.

"Paka humo ndani kote. Nataka mbao zing'ae, na hayo madoa yapotee."

"Hapana, baba," Costancia akasema. "Vanishi ndani ya sauna imekatazwa. Ikipata joto inalainika na kutoa moshi wa sumu. Niletee msasa laini, madoa nitayasugua yaishe leo leo."

"Msasa! Mgeni aje akute mbao zimekwanguliwa kama sufuria?"

Akavua shati akapaka mwenyewe, tabaka mbili nene za vanishi, mpaka ikachuruzika. Letisia alifungua madirisha yote akaenda kukaa kwa jirani.

Jumamosi Mwinshehe alifika amevaa kanzu safi. Aliamkiwa, akaitikia marahaba, akapewa juisi ya ukwaju na kiti mbele ya mlango wa kioo, kama mtu anayesubiri taarifa ya habari. Damiano akaingia amevaa bukta tu. Costancia alimfuata na taulo.

"Litaficha mbao," akasema Damiano, akafunga mlango. Akaketi, akaegemea, akatabasamu.

Dakika kumi za kwanza alitoka jasho kwa heshima. Ya kumi na tano alianza kukohoa. Ya ishirini alitaka kuinuka, na Mwinshehe akamwona ananyanyuka kidogo, anarudi, ananyanyuka, anarudi.

"Ndiyo mazoezi yake hayo?" akauliza.

"Costancia!" sauti ikatoka ndani.

Costancia alizima umeme kwanza, kisha akafungua mlango. Moshi mkali ukawatoa machozi wote. Mapaja ya Damiano yalikuwa yameshikana na benchi, na mgongo wake na ukuta.

"Nakufa!"

"Hufi, baba. Umenata tu. Usivute."

Alileta chupa ya mafuta ya alizeti na mwiko. Alimimina, akapenyeza mwiko polepole kati ya mtu na mbao, huku Mwinshehe amekunja mikono ya kanzu akimshika kwapa rafiki yake, akisoma dua na kucheka kwa zamu. Mgongo ulitoka, ila si wote. Vipande vidogo vya ngozi vilibaki ukutani. Bukta ilikataa kabisa. Ikabidi ikatwe kwa mkasi, na Letisia akampokea mumewe kwa kanga.

Wiki mbili Damiano alilala kifudifudi. Wiki ya tatu alikwenda kanisani, na watu walipomuuliza akajibu, "Mfanyakazi wangu alipaka vanishi bila ruhusa. Hawa watu hawasomi maelekezo."

Maneno yalifika Zombo kabla ya ibada kwisha. Jumatatu Costancia aliingia na mikono mitupu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Nimesikia nilipaka vanishi."

Damiano akatazama dari.

"Mchungaji yuko nyumbani leo," Costancia akasema kwa upole. "Baba akampigie amwambie nani alipaka. Mimi nasubiri hapa. Sishiki kitambaa."

Damiano akamgeukia mkewe kutafuta msaada. Letisia alikuwa ameshika simu, ameshabonyeza namba, ameweka spika.

Alisema. Ilimchukua muda mrefu kuliko ungedhani, kwa sentensi ya maneno mawili: "Nilipaka mimi."

Costancia alisugua mbao kwa msasa siku nne, pua kaifunga kitambaa, mpaka vanishi yote ikatoka na weupe ukarudi. Siku hizi anayekaa mule zaidi ni Letisia, anasema magoti yamepata nafuu. Damiano huingia Jumatano. Hutandika taulo. Akitoka hupewa kitambaa chenye unyevu, hukipokea, hupiga magoti mbele ya benchi na kufuta.

"Na chini ya benchi, baba," Costancia humwambia kutoka mlangoni.