Kodi ya Vinywaji vya Doyle

Asubuhi ile Doyle Stidham alimpeleka dada yake Verlene, mbunge, Frankfort, makao makuu ya jimbo, kwa pikapu yake, ingawa yeye mwenyewe alikuwa anakwenda kuupinga mswada wa dada huyo. Gari la Verlene lilikuwa gereji, barabara zilikuwa na barafu, na kwenye kona za milima ya mashariki ya Kentucky Verlene hakumwamini dereva mwingine yeyote. Kwa hiyo mbunge na mpinzani wake walikaa bega kwa bega, wakila skonzi za soseji kutoka mfuko mmoja wa karatasi.

"Utasema nini huko?" Verlene aliuliza.

"Nitasema wewe ni mwizi."

"Basi sema kwa kifupi. Ile kamati ina wazee, watasinzia."

Kabla ya kuingia bunge la jimbo, Verlene alikuwa mwalimu katika Kaunti ya Tolliver, kwenye darasa ambalo mvua iliponyesha watoto walisogeza madawati kupisha ndoo. Shule za huko ziliendeshwa kwa kodi ya nyumba na ardhi, na tangu migodi ya makaa ya mawe ifungwe, nyumba za Tolliver zilikuwa zimeshuka thamani, na kodi yake ilikuwa kiduchu. Mswada wake ulitaka vinywaji vya hempu vitozwe kodi, na fedha hizo zianzie kwenye shule za kaunti maskini.

Shida ni kwamba Doyle ndiye aliyevitengeneza vinywaji hivyo. Katika banda la marehemu baba yao, lililojengwa kwa ajili ya kukaushia tumbaku, alichemsha tangawizi na ndimu, akatia dawa iliyokamuliwa kwenye hempu, mmea ulio ndugu mpole wa bangi, kisha akafunga kwenye makopo. Watu walifika shambani kununua, wakapiga soga, wakaondoka wamechangamka. Kodi angelipa. Kilichomkera ni kifungu kilichopenyezwa na mawakala wakubwa wa pombe: mtengenezaji asimuuzie mnywaji moja kwa moja, kila kopo lipitie kwao.

"Kifungu kile sikukiandika mimi," Verlene alisema.

"Lakini umekiacha."

"Nikikitoa sipati kura, Doyle. Unajua."

Alijua. Akaongeza sauti ya redio.

Ndani ya ukumbi wa kamati, Verlene alikaa mbele, miwani imemshuka puani. Kabla zamu ya Doyle haijafika, mbunge mmoja aitwaye Whitcomb, mtu wa vitongoji vya matajiri, aliomba kufanya marekebisho madogo tu. Fedha zigawanywe sawa kwa kila mwanafunzi wa jimbo zima.

"Mtoto ni mtoto," alisema kwa upole. "Kwa nini wengine tuwabague?"

Wajumbe kadhaa wakatikisa vichwa kukubali. Doyle akamwona dada yake akiisokota leso. Kwa mgawo ule, kaunti kubwa zenye shule nzuri zingezoa karibu fedha zote, na Tolliver ingebaki na za kununulia chaki.

Jina la Doyle likaitwa.

"Una uhusiano wowote na mleta mswada?" mwenyekiti aliuliza.

"Ni dada yangu, bwana mwenyekiti. Ndiye aliyenilea."

"Na umekuja kuupinga mswada wake?"

"Ndiyo. Hata nyumbani huwa nampinga."

Watu wakacheka, Verlene naye akainamisha kichwa kuficha tabasamu. Doyle akaeleza habari ya shamba lake, wateja wake, na jinsi kifungu kile kitakavyomgeuza kibarua wa mawakala. Alimaliza alichokuja nacho. Alitakiwa ainuke, lakini hakuinuka.

"Kuna jambo jingine," alisema. "Kama ni lazima mnikate, nikateni. Lakini hela yangu ipelekeni kule watoto wanakoloa darasani. Mheshimiwa hapa anasema mtoto ni mtoto. Sawa. Mmoja ana bwawa la kuogelea lenye maji moto, mwingine bwawa lake liko chini ya dawati. Ukiwapa sawasawa, hujampa kitu huyu wa pili. Kama hela itakwenda kwenye lile bwawa la maji moto, niachieni mwenyewe."

Marekebisho ya Whitcomb yakaanguka kwa kura chache. Mswada ukapita, na kifungu cha mawakala ndani yake.

Garini Verlene alilia. Doyle akampa karatasi ya skonzi, yenye mafuta tele.

"Ulikuja kunipinga," Verlene alisema akijifuta.

"Si nimekupinga? Au hukusikia?"

Bunge zima lilipoupitisha na sheria ikaanza kazi, Doyle alifunga geti la shamba. Waliofika kwa mazoea aliwapa kahawa, akawaelekeza dukani mjini, ambako kinywaji chake kiliuzwa ghali na yeye akaambulia kidogo. Hapo ndipo hasira ilipomjia kweli. Msimu mzima wa kupanda hakwenda kula kwa dada yake Jumapili, na simu zake alizijibu kwa mkato. Verlene hakumbembeleza. Aliendelea kupiga tu.

Mafundi walipopanda juu ya paa la shule ya Tolliver, Doyle alipita pale akasimamisha gari. Alikaa akiwatazama wakibandua mabati yaliyooza, mpaka chakula alichobeba kikapoa. Jumapili iliyofuata alikwenda kwa dada yake na keki ya mahindi, wakala pamoja.

Siku hizi Verlene huja bandani kila Jumamosi kumsaidia kubandika lebo za tahadhari, ambazo sheria yake mwenyewe ndiyo iliyozilazimisha. Anaandaa mswada mwingine, wa kuwaruhusu wenye mashamba madogo wauze getini kwao.

"Utapita?" Doyle alimuuliza juzi.

"Mwaka huu, sidhani."

"Basi angalau nyoosha hizo lebo, dada. Umezibandika kama mlevi."

"Nimebandika maelfu ya michoro ya watoto ukutani, usinifundishe," Verlene akasema, akabandika nyingine, imepinda vilevile.