Chachu Iliyovuka Mto

Nyanya Hedwig, Shosho kama tulivyomwita, alitua Doha Julai ya 2014 na chupa ya chachu ndani ya begi. Alikuja kumtembelea mwanawe injinia, tuliyemfanyia kazi mimi na Loice katika mtaa wa Fereej Bin Mahmoud. Mimi ndiye mpishi, Loice msafishaji. Chupa ilinuka siki, nami nikajiambia tumeletewa kazi.

Siku moja, kwa Kiingereza chake cha kuungaunga, akatueleza. Wazee wake walikuwa Wajerumani waliohamia Brazili. Walifika kwenye kivuko cha mto, ng'ambo msitu mtupu. Mama mmoja aliingia maji ya kifuani, chachu ameifungia kichwani ndani ya kitambaa. Mkate wa kwanza ng'ambo ile ulitoka humo, mji ukafuata, na kila nyumba mpya ikagawiwa kijiko. Sasa watu wa kule hununua mkate dukani. Iliyobaki ni hii ya kwake tu.

Mimi Wairimu, mdomo wangu haujui kupumzika, lakini siku hiyo niliinama tu nikaichungulia ile chupa. Mama yule alikufa zamani, na chachu yake ilikuwa inatoa povu mbele yangu! Loice alipoomba kijiko cha kuchachushia uji wake wa wimbi, Shosho akampa akicheka.

Wiki hiyo chachu ya chupani ikalala, haitoi povu. Kwao Kisii uji ukigoma kuchacha huwekwa juani, basi Loice akaiweka juani. Jua la Doha, jamani! Tulipoitoa ilikuwa imeiva, ngumu kama ugali wa jana. Shosho aliikumbatia chupa akalia bila sauti.

"Loice, umeua mji wa watu!" nikafoka.

Loice akakimbilia chumbani kwetu, akarudi na sufuria niliyozoea kumsimanga nayo kwamba inanuka soksi.

"Shosho, ngoja kwanza. Kile kijiko chako kiko hapa. Hii sufuria siioshangi. Kwetu uji wa leo huanzishwa na wa jana."

Ndani yake povu lilikuwa likipanda polepole. Shosho alichovya kidole, akaramba, akafumba macho. Kisha akaomba unga wa ngano.

Mkate uliumuka, na ulipoiva ulikuwa na wekundu wa wimbi. Nilikuwa nimeuoka mimi mwenyewe, na bado niliogopa kuushika. Shosho aliukata, kipande cha kwanza akampa Loice. Halafu akagawa chachu kwenye chupa mbili, akamnyooshea moja.

"Ukirudi kwenu," alisema, "vuka nayo."

Loice aliipokea kwa mikono miwili.