Shamba Lililoshiba

Mama Mbolea alichutama kwenye tuta la kwanza la shemeji yake, akakung'uta kitambaa. Mbegu za kiduha ni ndogo kuliko ugoro. Zilitoka kama vumbi, na upepo, bila kuombwa, ukazipeleka kulekule alikotaka.

Tuta hilo alililima yeye miaka tisa, akilibebea samadi ya mbuzi kichwani mpaka watu wakambandika jina. Mumewe alipofariki, shemeji alikuja na maneno matatu tu, "shamba la ukoo," akachukua lote. Yeye akaachiwa ukanda wa mawe kando ya barabara, ambako mahindi yalitoka yamedumaa, yamezungukwa na maua ya zambarau. Maua hayo ndiyo kiduha, gugu linalojishikiza kwenye mizizi ya mahindi na kuyanyonya kama mgeni asiyejua kuaga.

"Na yeye aonje," alimwambia dada yake.

"Akikukamata?"

"Atakamata nini, vumbi?"

Akasubiri mvua, akasubiri palizi. Kila asubuhi alipita na mbuzi wake watano, shingo kaivuta kama twiga. Mahindi ya shemeji yakapita goti, yakapita kiuno, yakawa kijani cha kutia hasira. Kiduha kilichipua mashina manne, nayo yamesinyaa kama yamekosea nyumba.

Siku bwana shamba alipokuja kukagua, majirani walijaa, na Mama Mbolea akajipenyeza mbele.

"Hapa hiki hakifiki mbali," bwana shamba alisema, aking'oa shina moja. "Kiduha huamshwa na mizizi yenye njaa. Udongo huu umeshiba. Kuna mtu ameulisha vizuri sana."

"Ni mkono wangu," shemeji akasema, macho makavu.

Mama Mbolea akawaza. Yaani miaka tisa ya kuumwa shingo ndiyo inamlindia mwizi mahindi yake.

"Na mbegu zake?" akauliza, kwa sauti ya mtu asiye na neno. "Si zinaoza?"

"Zioze wapi, mama. Zinalala. Miaka kumi, hata zaidi. Siku udongo ukikonda, zinaamka."

Usiku huo alilala fofofo, mara ya kwanza tangu matanga.

Baada ya mavuno shemeji alimkuta kwenye ukanda wake wa mawe, kazama ndani ya samadi mpaka vifundoni.

"Shemeji, nigawie mikokoteni miwili mitatu ya hiyo."

"Mbuzi wenyewe watano, shemeji, na wiki hii wamefunga choo."

Shemeji akacheka, wala hakubembeleza. Ghala lake lilikuwa limejaa hadi mlangoni.

"Basi nielekeze tu. Yale mabua ulikuwa unayafanyaje?"

Alikuwa akiyakatakata na kuyafukia, bua kwa bua, mpaka mgongo ugome kunyooka.

"Nachoma," alisema.

"Yote?"

"Usibakize hata jani. Panzi wanajificha humo."

Akafungua fundo la nguo yake, akampa kiberiti.

Moto ulishika upesi. Mama Mbolea aliegemea jembe, akatazama mabua yakijikunja tuta baada ya tuta, na shemeji akikimbia huku na huko na tawi bichi, kafurahi kama mtoto. Upepo ukageuka. Majivu yakainuka, mepesi, yakavuka barabara na kutua juu ya migongo ya mbuzi, juu ya mawe, juu ya samadi yake. Akayachanganya taratibu kwa ncha ya jembe.